Bosi wa Risasi wa Ghuba ya Mawe Meupe

Kambini,
Ghuba ya Mawe Meupe,
mwisho wa msimu wa bata.

Kaka yangu mpenzi Redfern,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipolala, wewe pamoja na wifi yangu Minnie. Natumaini mashine ya kusafisha damu imekutendea wema wiki hii, na kwamba yule muuguzi mwenye mikono mizito amepelekwa kwa mgonjwa mwingine. Huku sisi hatujambo. Mama ni mzima, anakohoa kidogo asubuhi, na ukimuuliza anasema ni moshi. Elmer mume wangu hajambo ila vidole vimemvimba, kwa sababu utakayoijua mbele. Mjomba Clarence hajambo, na mdomo wake nao haujambo kabisa.

Ujumbe wako nimeupata. Mama alinieleza neno kwa neno ulivyomwambia kwenye simu, kwamba umeamua kuishi na mashine hiyo mpaka siku zako zifike mwisho, na kwamba hutaki mtu yeyote wa tumbo letu aende kupimwa ili akupe figo. Ulisema hukulelewa uje uishi kwa kumla dada yako. Nitakujibu, Kaka, usidhani nimepuuza. Lakini nikikujibu sasa hivi utaikunja barua na kugeukia ukutani, maana nakujua tangu tukigombania blanketi. Kwa hiyo kwanza nakupa habari za bata, na ninakuomba uzisome zote.

Mwaka jana unaukumbuka. Baba alipofariki ubosi wa risasi uliangukia kwako, nazo figo zako zikakuangusha kabla hujaukalia sawasawa. Ghuba ikabaki haina bosi. Kila mtu akapiga alivyotaka, asubuhi tulivu, jioni ya giza, mbele ya moto, popote. Bata bukini walishuka mara moja, wakashtuka, wakainuka, na baada ya hapo waliipita ghuba yetu juu kabisa kama watu wanaokwepa nyumba yenye ugomvi. Friza ya kijiji ilikaa na kuku wa dukani majira yote ya baridi. Wazee walikula nyama za makopo zenye chumvi mpaka midomo ikawapasuka, na pale zahanati shinikizo la damu na sukari vikapanda kwa watu ambao hawakuwa navyo. Mama alimtazama yule kuku ndani ya karatasi yake ya plastiki akasema ndege huyu hajawahi kuliona anga hata siku moja, sasa atamnyanyua nani?

Ndiyo maana mwezi wa Machi tuliitwa ukumbini. Ulikuwa umetoa maoni yako kwa simu kwamba apewe Mjomba Clarence, na watu wengi waliona hivyo, kwa kuwa ana bunduki nzuri na sauti ya kusikika. Basi Mama akasimama. Alisema kwamba miaka yote ambayo wanaume wa ukoo huu walikuwa wakishindana nani ana pikipiki ya theluji yenye mbio zaidi, mtu aliyekaa na Baba ndani ya maficho yake, akiwaita bata kwa koo lake na kujifunza upepo, alikuwa binti yake Harriet. Akasema yeye hapendekezi, anakumbusha tu. Kisha akakaa na kuendelea kufuma soksi.

Mjomba Clarence alicheka mpaka akakohoa. Aliuliza eti mwanamke aliyeolewa na mpole kama Elmer, ambaye hata mbwa wake hawaamrishi bali huwabembeleza, ameshawahi kumwamuru nani? Ukumbi wote ukacheka, na Elmer naye akacheka, akasema ni kweli, mbwa wale ni wakorofi. Lakini wazee hawakucheka sana. Walinong'onezana, wakaniita mbele, wakanipa. Nilirudi nyumbani kwa hofu, na kwa furaha pia, sitakuficha.

Wewe mambo haya unayajua kuliko mimi, ila wifi Minnie kwao ni bara, watu wa samaki, na najua atasoma juu ya bega lako. Basi ajue kwamba siku ya utulivu mlio wa bunduki husafiri ghuba nzima, na bata walio upande wa pili kabisa huambiwa kwamba hapa kuna watu. Siku ya upepo mkali mlio hufia palepale, na wenzao wanaendelea kula. Kazi ya bosi ni kusema siku gani, upande gani, na lini basi. Yeye ndiye huwafanya bata waione ghuba kuwa kwao. Baba alikuwa akisema mtu yeyote mwenye macho aweza kupiga bata, lakini kumwacha ndiyo kazi.

Tulihamia kambini barafu ya pwani ikiwa bado imara. Bata wakaja. Kaka, walikuja wengi mno. Walishuka upande wa mawe na upande wa majani, wakaanza kelele zao, na kambi nzima ikatoka nje ya mahema kuwasikiliza. Mama alifumba macho na kutabasamu. Watu wakanigeukia mimi. Nikalitazama anga. Hapakuwa na upepo hata wa kutikisa uzi. Nikasema hapana.

Kesho yake hapana. Keshokutwa hapana. Jua lilikuwa zuri, hewa imetulia kama maji ndani ya kikombe, na bata walinenepa mbele ya macho yetu wakitembea kama wenye nyumba. Sisi tulikula maharage, mkate wa kukaanga na chai. Kila asubuhi Mjomba Clarence alinipigia kwenye redio ya mawasiliano, ambayo unajua kambi zote za pwani huisikiliza. Siku ya kwanza alisema, "Bosi, Bosi, hapa ni Clarence, naomba ruhusa ya kukohoa." Siku ya pili akataka kujua, bata mmoja amemkanyaga mguu, je, anaruhusiwa kumsukuma pole pole au aandike maombi? Siku ya tatu akasema subira huvuta heri kweli, lakini hii yangu inavuta maharage, na kwamba hema lake sasa halilaliki kwa sababu ambazo mbele za wanawake hawezi kuzitaja. Kambi zote zilicheka. Mimi nilijibu kila mara neno moja, kwamba nimesikia, nikazima redio, nikaenda nyuma ya hema kutulia.

Halafu asubuhi moja ya joto kundi kubwa la upande wa mawe liliinuka lote kwa pamoja likaelekea kaskazini. Tulisimama tukilitazama likienda. Hakuna aliyenisema, na hilo liliniuma kuliko maneno ya Clarence. Nilimwendea Mama nikamwambia nimewanyima watu chakula, labda kazi hii si yangu. Alikuwa akikata matawi ya msonobari ya kutandika sakafuni, na hakuacha. Alisema wanaoondoka wamepumzika, waende salama, na wanaokuja nyuma yao watatazama chini waone kama waliotangulia walistarehe. Kisha akanipa panga nimsaidie, maana kulia, alisema, hakukati matawi.

Jioni ile ile mlio ulisikika. Mara mbili, karibu, ng'ambo ya kijito chetu. Ulitembea juu ya barafu ukaenda ukarudi. Bata wa upande wa majani wakapaa wote, wakazunguka juu wakipiga kelele. Watu walitoka mahemani, na kila mmoja, nikiwemo mimi, tukatazama hema la Clarence. Clarence mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni na kikombe cha chai, soksi zake zikining'inia, akasema jamani mimi leo sijakohoa. Tukageuka. Kutoka kwenye vichaka akaja Elmer, bunduki begani na bata wawili mkononi. Mume wangu mwenyewe, mtu ambaye hata bibi za watu humwona mpole kupita kiasi.

Nitakwambia nilivyohisi, Redfern. Nilitamani ardhi inifiche. Kambi nzima ilingoja nione aibu, nicheke, niseme la kuficha. Elmer alisimama mbele yangu hakusema lolote la kujitetea. Nikamwambia, mbele ya wote, bunduki yake amkabidhi Mama, nayo itakaa kwa Mama mpaka mwisho wa msimu. Bata wale wawili nikaagiza wapelekwe hema la wajane. Na yeye, kwa kuwa alitaka sana kugusa manyoya, atakaa na wanawake na kunyonyoa bata wa kambi nzima, kila bata, mpaka tufunge mahema. Elmer akainamisha kichwa akasema, "Sawa, Bosi." Hakusema Harriet. Akaenda.

Clarence hakuweza kujizuia, akamwita shangazi Elmer, na akamuuliza kama atahitaji kitambaa cha kichwa. Watu wakacheka. Lakini asubuhi iliyofuata redio haikuniomba ruhusa ya kukohoa. Clarence alisema tu, "Bosi, hapa kwetu upepo hakuna. Kwako je?" Nikajua kwamba sasa ninasikilizwa.

Bata wa upande wa majani walizunguka, wakatulia, wakarudi. Si wote, ila waliotosha. Kisha upepo ukaja. Ulitoka kaskazini-magharibi na mvua ya theluji ndani yake, ukayapiga mahema mpaka nguzo zikalia. Niliamka kabla ya chai nikautia uso wangu ndani yake. Nikashika redio nikasema, "Leo. Upande wa mawe peke yake. Upande wa majani usiguswe." Sauti ya Clarence ikaja haina mzaha hata chembe. Alisema amesikia.

Nilikaa ndani ya maficho ya Baba, yale tuliyoyajenga upya kwa matawi, na nikawaita. Unajua wanavyokuja dhidi ya upepo, chini chini, wakipambana, mpaka unaona macho yao. Makundi mapya kutoka kusini yaliona wenzao wametulia upande wa majani, wakashuka bila wasiwasi. Nilipiga. Zaidi ya hapo sitasema, kwa maana sisi hatujisifu, bata husikia. Lakini barua haina sauti, basi nakunong'oneza: Mjomba Clarence, ambaye huhesabu bata wa kila mtu, siku ile aliacha kunihesabia.

Jambo gumu halikuwa kungoja upepo, Kaka. Jambo gumu lilikuja mchana, bata bado wakija kwa mikururo, mikono ya watu ikiwa imepata moto, nami nikaona tumepata vya kutosha. Nikasema kwenye redio basi. Clarence alilia kama mtu aliyefiwa. Alisema, "Bosi, mwanangu, hawa wanaokuja sasa ndio wanono." Nikamwambia ndiyo sababu waende wakazae. Halafu bunduki zikanyamaza pwani nzima, moja baada ya nyingine, mpaka ya mwisho. Nilisimama peke yangu ndani ya theluji nikisikia ukimya huo, na nilijivuna. Nasema wazi, nilijivuna kuliko siku yoyote ya maisha yangu, na nilitamani ungekuwepo.

Baada ya hapo ulikuja upepo mara kadhaa, na kila mara tulihamia upande mwingine na kuuacha ule uliopigwa upumzike. Friza ya kijiji imejaa, Redfern. Mlango unafungwa kwa goti. Zahanati wamekuja kuchukua fungu la wagonjwa, shule imechukua lake, na katika hema la kupikia bata walining'inia kwa nyuzi mbele ya moto wakizunguka, mafuta yakidondokea kwenye sinia, na watoto wakichovya mkate humo mpaka mashavu yakang'aa. Elmer alinyonyoa wote. Mwanzo alikuwa akiwachubua ngozi, wanawake wakamgombeza, lakini sasa hivi yeye na bibi Hattie ndio wepesi kuliko wote, na amejaza magunia ya manyoya laini yatakayotosha mito ya kijiji. Hajalalamika hata mara moja.

Sasa nikupe habari ya mzee Job, kisha nije kwako.

Mama ndiye aliyegawa mafungu, kama kawaida, akianza na nyumba zisizo na mwindaji. Mzee Job hana mtu wa kumwindia tangu wanawe wahamie mjini, na unajua hajazungumza na Clarence tangu ule ugomvi wa mtumbwi. Fungu lake, lililotoka kwa bata aliopiga Clarence, likarudishwa. Alimwambia aliyepeleka kwamba bata wa Clarence hawezi kumla, atapata kiungulia, na kwamba yeye hana cha kurudisha, na mtu asiye na cha kurudisha afunge mdomo wake. Watu wakasema aachwe, ni mzee, ni kiburi chake. Lakini fungu lililorudishwa ni jambo la bosi, kwa sababu mwaka unaofuata bata ndio wanaokumbuka. Nikalichukua nikaenda mwenyewe.

Nilimkuta amekaa kitandani na koti lake. Nikamwambia bata huyu mpaka juzi alikuwa wa mashamba ya mahindi kule kusini, na kabla ya hapo alikuwa wa anga, kwa hiyo sijui Clarence alianza kummiliki lini. Nikamwambia hakuna aliyemwomba arudishe kitu. Bata amekuja kwa miguu yake akajitoa, sisi tumembeba tu kutoka pwani mpaka mlangoni, na akikataa, anayemkataa si sisi bali ni yule aliyekuja. Alivua koti lake. Akasema naongea kama baba yangu, tena kwa ukali zaidi. Kisha akaniuliza kama mguu wa bata nimeukata vizuri, maana yeye hupenda paja lenye mfupa. Nikakaa nikamchemshia. Alikula mpaka mchuzi, akalala akiwa ameshika kikombe.

Basi, Kaka, nimefika kwako.

Mwezi wa Januari niliposafiri kwenda mjini nilisema jino linanisumbua. Meno yangu hayana kasoro. Nilipimwa. Nilitolewa damu mpaka nikadhani hawataniachia hata ya kurudi nayo, nikapitishwa kwenye mitambo, nikaulizwa maswali ambayo hata Elmer hajawahi kuniuliza. Wifi Minnie alijua, na ninakusihi usimkasirikie, nilimwapisha. Figo langu linakufaa. Daktari alisema ndugu wengi hawalingani hivyo. Alishangaa pia kwamba katika umri huu sina sukari wala shinikizo la damu, akauliza ninakula nini. Nikamwambia bata, samaki na chochote kinachopita karibu na Mama. Mwishoni mwa Machi, nikiwa nimeshapewa ubosi, walinipigia simu wakitaka kunipasua Aprili. Nikawaambia Aprili siwezi, nina kazi. Daktari akauliza ni kazi gani isiyoweza kuahirishwa kwa ajili ya uhai wa ndugu yangu. Nikamjibu kwamba ni kazi ya ndugu yangu huyo huyo, ninamshikia, na kwamba bata hawaahirishwi. Akacheka, akatafuta tarehe nyingine.

Kwa hiyo ndiyo ujue sasa kwa nini Elmer alipiga. Daktari alikuwa amemwambia nije na damu yenye nguvu. Na yeye aliniona kambini nikila maharage na mkate siku baada ya siku, nikiwakataza wengine na kujikataza mwenyewe, akaona tarehe inakaribia. Alitaka nipate mchuzi. Alifanya hivyo kwa ajili yangu na yako, nami nilijua hivyo tangu alipotokea kwenye vichaka, nikamwadhibu mbele ya watu wote. Angeweza kusema neno moja tu na watu wangemhurumia. Hakusema, kwa sababu tulikuwa tumeahidiana kwamba wewe ndiye utakayekuwa wa kwanza kusikia. Clarence amemwita shangazi msimu mzima na yeye amenyonyoa tu. Mimi, Redfern, nimeolewa na mtu. Ninataka ulijue hilo.

Ulisema hutaki kumla dada yako. Sasa nisikilize mimi kama dada, na kama bosi pia. Figo hili sikulinunua dukani. Limejengwa kwa bata wa Baba, kwa mchuzi wa Mama, na kwa yale mapaja uliyokuwa ukiniachia tulipokuwa wadogo ukidai umeshiba, na mimi nikijua huna lolote tumboni. Unafikiri nilisahau? Wewe ndiye uliyelilisha kwanza. Ni fungu, Kaka, na limekuja lenyewe likajitoa, mimi ninalibeba tu kutoka ghubani mpaka kitandani kwako. Mtu wa kwetu anaweza kukataa dawa, anaweza kukataa ushauri, anaweza hata kukataa kuzungumza na Clarence, na wengi tungemwonea wivu. Fungu hakatai. Mzee Job, mwenye shingo ngumu kuliko jiwe, alilikubali lake. Nawe si mkubwa kuliko mzee Job.

Wala usinihurumie. Sijawahi kuwa na nguvu kama mwaka huu. Nimeikataza pwani nzima na ikatii, nimewalisha wajane na wagonjwa, nimemwadhibu mume wangu na bado ananipenda. Unadhani nitashindwa kulala kitandani nipasuliwe ubavu? Bata wa majira ya vuli, wakirudi kutoka kaskazini na watoto wao, Mjomba Clarence atawashika kwa niaba yangu. Ameapa mbele ya Mama, bila kuambiwa sababu, kwamba hatakohoa. Na msimu kama huu mwakani ninataka bosi wa ghuba awe wewe au awe mimi, tugombane kama zamani, lakini tuwe tumekaa wote wawili ndani ya maficho mamoja.

Mama anakusalimu sana, anasema ule, hata kama ni vyakula vya huko visivyo na uso. Mjomba Clarence anakusalimu na kukuuliza kama muuguzi wako ameolewa. Bibi Hattie anakusalimu, mzee Job anakusalimu, na hilo la mzee Job ulipokee kwa heshima, kwani hasalimii watu ovyo. Elmer hajakutumia salamu, anasema atazitoa kwa mkono.

Maana barua hii siitii posta. Nimeiweka kwenye mfuko wa koti langu, na ndege inatuchukua mimi na yeye asubuhi barafu ikiruhusu. Nimeiandika kwa sababu mbele yako nitaanza kulia, na wewe utaanza kubisha. Kwa hiyo nitakupa uisome, nami nitakaa kimya mpaka umalize. Umeshamaliza. Inua kichwa, Kaka. Nimekaa hapa kwenye kiti.

Dadako akupendaye,

Harriet,
Bosi wa Risasi